Bildi

Mjomba Yaledi aliileta mashua juu ya lori la vitunguu,
imelala ubavu, mkuku wake umechomoza
pezi la samaki ambaye Chipogoro haijawahi kumla.
"Futi nne na nusu," alisema, "hizo ni za chini ya maji."
Wavuvi wa Mtera wakatazamana.
Mitumbwi yao haina tumbo, hupita hata penye umande.
Mama Ndahani, muuza perege, ndiye aliyeuliza:
"Na chini ya mchanga, je?"

Miaka ishirini na miwili aliranda mbao kule Tanga
kwa watu wenye bahari yao.
Kiinua mgongo kilipotoka hakununua bati wala ng'ombe.
Alitaka kufika kwao kwa maji.
Kwao ni juu, Kizigo, mwendo wa siku nne,
na tangu Wagogo waanze kuzaana
kule watu hufika na vumbi mpaka kwenye kope.

Mimi nikapewa bildi:
kamba ya mafundo, nati ya trekta mwishoni,
kila fundo futi moja.
"Wewe Sechelela kaa omo, uwe unataja. Usifikiri. Taja."

Saba. Saba. Sita na nusu.
Bwawani miti iliyozama zamani ilisimama bado,
mikavu, kila mmoja na mnandi wake
anayeanika mbawa.
Saba. Tano.
"Tano ya nini?"
"Ya kisiki, mjomba."
Akacheka, akalegeza demani, tukapenya.

Mwezi wa pili Kizigo ilishuka nyekundu,
magogo, ndala ya mguu wa kushoto,
boga zima linazunguka peke yake.
Tukaingia mdomoni mwake na upepo mgongoni,
upepo uleule unaong'oa mapaa ya shule;
siku hiyo ulikuwa na kazi ya maana.
Wachungaji walikimbia nasi ukingoni
wakiita tanga letu shuka, wakiuliza nani kafa.

Siku ya tatu, penye kona ya mikwaju,
sita,
tano,
tano,
nne na

Sikumaliza. Mkuku ulimaliza.
Hapakuwa na kishindo.
Ilikuwa sauti ya mtu mnene akikaa kitako.

"Tumepwelewa," nikasema.
Akakataa. Neno hilo ni la pwani, alisema,
na pwani maji hurudi baada ya saa sita.
Zikapita saa sita. Zikapita siku sita.
Mto uliondoka kama mdaiwa, kwanza pembeni,
kisha katikati, usiku,
ukaacha kambale wakihema kwenye vidimbwi
na sisi tumesimama mchangani,
tumeinama kidogo, kama wanaosikiliza.

Nilirudi shule. Yeye akabaki.
Alilala humo, sufuria yake ikipika uji upande mmoja tu.
Watoto walifunga ndama kwenye nanga.
Hakuwafukuza. Hakuongea nao pia.

Likizo ya mwezi wa nane nilikuta wanawake na ndoo.
Mto mzima wanafukua, kila mwaka,
lakini safari hii walikuwa wamejibana ubavuni mwa mashua,
kwa sababu mafuriko yalipouzunguka mkuku
yalichimba, yakachimba,
na shimo lile, ingawa mchanga ulilijaza,
halikusahau.

Kisima kilikuwa cheusi na baridi.
Nikachukua bildi kwenye msumari wake,
nikaishusha, basi tu, mkono una mazoea.
Kichwa kikachungulia juu.
"Ngapi?"
Nikahesabu mafundo yaliyolowa.
"Nne."
"Taja vizuri."
"Nne na nusu, mjomba. Chini yake tope."

Alikaa kimya muda wa kuvuta ndoo mbili.
Kisha akashuka ngazi, ndala mkononi,
akachukua kidumu chake cha lita tano
akaenda kushika foleni,
nyuma ya ndama.